Inataka Mtu

Ukitaka kumpata Kiende wa rimoti, usiulize jina la duka, maana hana duka. Ana meza moja barazani, kati ya Molu kinyozi na mimi ninayeuza ndara, katika barabara inayoshuka sokoni Isiolo. Juu ya meza ametundika rimoti kwenye kamba, zimening'inia kama nyama iliyoanikwa. Yeye mwenyewe anakaa nyuma ya hizo rimoti na bisibisi mkononi, anaongea.

Anaongea sana. Ni mama wa Kimeru kutoka Tigania, na kazi hii aliianzia Meru mjini, katika duka la vyombo vya umeme ambako alikuwa ameajiriwa kufagia. Rimoti zilizokufa zilitupwa kwenye katoni, naye akawa anazibeba nyumbani na kuzifungua mpaka akazijua matumbo. Alipohisi anaweza kujitegemea akahamia huku. Alisema Meru mafundi wamejaa, na Isiolo vumbi linaua rimoti nyingi zaidi. Hapo hakudanganya.

Kasoro yake ni moja, na namwambia usoni: hasikilizi mtu. Mteja hajamaliza kueleza kilichompata, rimoti imeshafunguliwa. "Wewe nipe rimoti," husema, "hayo maneno baki nayo." Wateja hucheka, kwa sababu mara nyingi kitu kinapona. Mimi pia nilikuwa nacheka.

Kazi yenyewe si uchawi. Kila rimoti husema na TV yake kwa mwanga ambao macho hayauoni, na kila kitufe kina msimbo wake, yaani namna yake ya kupepesa huo mwanga. Kiende huuona kwa simu. Anaielekeza rimoti kwenye kamera, anabonyeza, na kwenye kioo cha simu kinawaka kinukta cheupe. Kisipowaka, rimoti ni mgonjwa. Kikiwaka na TV isitii, basi misimbo haielewani.

Zile rimoti za kununua, zinazosemekana ni za kila TV, huja na misimbo ya TV zenye majina makubwa. Lakini mji wetu umejaa TV zenye majina ambayo hata aliyeziunda ameyasahau. Hapo ndipo Kiende anapopata chakula chake. Anatafuta rimoti halisi ya TV kama hiyo, anailaza na ile mpya, uso kwa uso, ndani ya boksi la viatu ili jua lisipenye, kwa sababu jua la Isiolo huharibu somo. Kisha anabonyeza huku, anabonyeza kule, kitufe baada ya kitufe, mpaka ile mpya ishike. Anaita kufundisha. "Hii imeelewa," atakwambia. "Hii ingine ni kichwa ngumu."

Nimeeleza haya kwa sababu ya rimoti ya mzee Lowoi.

Zamani mzee Lowoi ulimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa dalali wa mbuzi katika soko la mifugo, Mturkana aliyezaliwa hapa hapa mjini, na alipokuwa anaita wanunuzi sauti yake ilipita juu ya mbuzi na malori. Kisha kiharusi kikampiga asubuhi moja akiwa na kikombe cha chai mkononi. Kilimnyang'anya mkono na mguu wa kulia, kikachukua na sauti yote, hata kuguna hakuweza. Upande wa kushoto kilimwachia vidole, na katika hivyo chenye nguvu kilikuwa dole gumba. Watu wakakubaliana kwamba akili nayo imekwenda. Sijui nani alianza kusema hivyo, ila ni jambo ambalo husemwa haraka juu ya mtu asiyeweza kulikanusha.

Mwanawe Ekiru ni dereva wa lori la njia ya Moyale, mtu wa kuonekana nyumbani mara moja moja. Alimweka baba yake katika chumba cha nyuma ya ploti na kumnunulia TV. Mkewe Mukami, Mmeru kama Kiende, ana kibanda cha chai upande wa mbele, pale barabarani. Mukami si mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu najua tunavyopenda kumtafuta mwanamke wa kulaumu. Alikuwa na watoto, sufuria, wateja, na mtu mzima wa kugeuza kitandani bila msaidizi. TV ilimpa nafuu. Ilikuwa inaongea kutwa, naye akiisikia kupitia mabati alijua mzee ana mwenzake.

Rimoti iliyokuja na hiyo TV mbuzi aliitafuna. Bahati ikawa kwamba TV ya Molu, pale kinyozi, ilikuwa ya jina hilo hilo la ajabu. Kiende akaazima rimoti ya Molu, akaiweka kwenye boksi la viatu, akaifundisha rimoti mpya vitufe vyote. Mukami akaipeleka nyumbani, akamwekea mzee kwenye mkono wake wa kushoto, angalau achague mwenyewe cha kutazama.

Sasa sikiliza jambo ambalo nyumba nzima haikulijua, na ambalo sisi wengine tulilipata baada ya maji kumwagika. Siku moja dole gumba la mzee lilibonyeza kitufe cha kuzima, pengine kwa bahati mbaya. TV ikanyamaza. Mukami akasikia kimya, akaacha chai yake, akaja kuangalia. Akaiwasha TV, na kwa kuwa ameshafika, akamgeuza mzee ubavu, akampa maji, akamfuta mate.

Mzee Lowoi alikuwa amelala miezi mingi bila njia ya kumwita mtu. Hii njia aliielewa papo hapo. Tangu siku hiyo kiu ikimshika, alizima. Akilowa, alizima. Akiteleza kutoka kwenye mto hadi shingo ikakunjika na pumzi ikawa nzito, alizima, na mtu alikuja. Kitufe hicho kimoja ndicho kilikuwa maisha yake. Fundi aliyekifundisha hakujua, na mwanamke aliyekiitikia kila siku hakujua pia. Mukami alijua kitu kimoja tu, kwamba TV imeanza wazimu wa kujizima.

Ndipo akaja Nangiro, ndugu ya mzee, mfugaji wa upande wa Kipsing. Alikuja kumwona mgonjwa, na alifanya kile ambacho hakuna mwingine aliyekuwa na nafasi ya kukifanya: aliketi kando ya kitanda mchana kutwa. TV hakuijali. Alimtazama ndugu yake, na akaliona lile dole gumba.

Akaenda mbele kumwambia Mukami. Hapa ndipo panaponiuma, kwa sababu alisema. Hakunyamaza na ukweli wake. Alisema kwa Kiswahili alichokuwa nacho, maana Kiturkana Mukami hakijui, na Kimeru yeye hakijui.

"Inazima," alisema Nangiro.

"Najua inazima, mzee. Imenichosha hata mimi."

"Inataka mtu."

"Kweli inataka mtu." Mukami alikuwa anachuja chai. "Ngoja nikupatie rimoti upeleke kwa Kiende huko sokoni. Mwambie hivyo hivyo."

Wewe unayesoma hivi labda ulifundishwa shuleni kwamba mtu *anazima* na kitu *kinazima* au *inazima*. Huku kwetu hiyo ni ya karatasi ya mtihani. Hapa mbuzi inakula, gari inakufa, mama inakuja, chifu inasema. Kiende mwenyewe, na ngeli zake zote za Kimeru, husema mtoto imelala. Tunaelewana vizuri kabisa siku zote, na hatujawahi kufikiri kwamba ile *a* tuliyoitupa inaweza kuja kudaiwa. Nangiro alisema ndugu yake anazima. Alisema ndugu yake anataka mtu. Mukami alisikia habari ya TV.

Nangiro akafika kwa Kiende na rimoti ameifunga kwenye ncha ya shuka. Nilikuwa hapo, napanga ndara.

"Habari yako, mama."

"Mzuri, mzee. Leta." Kiende alishaijua ile rimoti. "Imefanya nini?"

"Inazima. Unawasha, inazima. Inataka mtu."

"Inataka mtu, na mtu ndio mimi," Kiende akasema, na mimi na Molu tukacheka. Nangiro akatabasamu kidogo, akangoja. Naona alidhani amefika kwa mtu ambaye kazi yake ni kuelewa.

Kiende akaielekeza kwenye simu, akabonyeza kila kitufe, kinukta kikawaka kila mara. Akasema ugonjwa haumo kwenye taa. Akasema siku ile alipoifundisha pengine jua lilipenya kwenye boksi, na kitufe cha kuongeza sauti kikashika somo vibaya, kiasi kwamba ukiongeza sauti TV inasikia kama umeiambia izime. Hilo hutokea. Nimeliona likitokea. Akaazima tena rimoti ya Molu, akafunga boksi kwa kitambaa juu, akafundisha sauti upya, akaijaribu kwenye TV ya kinyozi. Ilipanda sauti, ikashuka sauti, haikuzima. "Peleka, mzee. Imepona."

Nangiro alirudi nayo baada ya muda si mrefu. Safari hii hakuwa anatabasamu.

"Bado inazima."

"Bado?" Kiende hapendi neno hilo. Akaichukua kama mtu aliyetukanwa.

"Mama, ngoja." Nangiro akainua mkono wake wa kushoto mbele ya uso wa Kiende, akakunja vidole, akaacha dole gumba. Akalibonyeza hewani, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akatupungia sisi mkono wa pili, mmoja mmoja, kama anayetuita tuje. "Mkono hii. Inaita."

"Inaita ni simu, mzee," Kiende akasema, ameshageuza rimoti na kuifungua mgongo. "TV haiitangi."

Tulicheka tena. Mzee alitutazama, mikono yake miwili sasa imeshuka. Akasema maneno ya Kiturkana ambayo hayakuwa yetu, akaketi kwenye ngazi ya baraza.

Ndani ya rimoti Kiende alikuta jambo la kweli. Chini ya vitufe kuna kipande cha raba, na kila kitufe kina doa jeusi kwa chini, ambalo likigusa ubao ndipo mwanga unatoka. Doa la kitufe cha kuzima lilikuwa limeanza kuchakaa, mengine yakiwa mazima. Akatuonyesha. "Si niliwaambia? Hii kitu inabonyezwa sana."

"Ee," akasema Nangiro, akasimama haraka. "Inabonyeza. Ndio. Inabonyeza sana!"

"Sasa umeona," Kiende akamwambia. "Mzee mgonjwa analalia rimoti. Akigeuka, ubavu unabonyeza. Rimoti haina makosa, na TV haina makosa."

Ninakumbuka jinsi uso wa Nangiro ulivyofunguka, kisha ukangoja. Aliamini ameeleweka. Kwa kweli walikuwa wamebakiza hatua moja tu, na kama Kiende angemuuliza swali moja, lolote, huenda wangeivuka. Lakini Kiende alikuwa ameshapata ugonjwa, na fundi aliyepata ugonjwa hana haja tena na mgonjwa.

Alitoa ile raba, akaweka nyingine mpya kabisa. Kisha akafuta somo la kitufe cha kuzima. Akakijaribu kwenye simu: vitufe vingine vyote viliwaka, hicho hakikutoa kitu. "Wakitaka kuzima, wazime kwa batani ya TV yenyewe," alisema. "Sasa ailalie mpaka achoke."

Nangiro akaifunga kwenye shuka, akampa Kiende mkono kwa heshima, akaondoka.

Ekiru angekuwa nyumbani, maneno machache ya Kiturkana yangetosha. Lakini Ekiru alikuwa Moyale akingoja mzigo, na Nangiro hakuwa na simu. Habari ikaja na watu wa mifugo kwamba kule Kipsing visima vimeanza kuleta fujo, na kila mwenye ng'ombe arudi siku hiyo hiyo. Akarudi. Aliondoka akiamini kwamba fundi ameona kinavyobonyezwa, na kwamba nyumbani wataambiwa.

TV haikuzima tena. Mukami alifurahi hivi kwamba alimpelekea Kiende mandazi, na Kiende akatugawia, akijisifu. "Hakuna rimoti itanishinda hii Isiolo," alisema, na mimi nikala mandazi hayo.

Kule chumbani TV ilikuwa inaongea tangu asubuhi hadi Mukami alipokuja kuifunga. Aliisikia kupitia mabati, akachuja chai na moyo mtulivu. Bado alikuwa anampelekea mzee chakula, bado anamgeuza alipopata mwanya, lakini mwanya ulikuwa haba, na hakukuwa na kitu cha kumwita katikati. Mzee akaanza kuchubuka mgongoni. Midomo ikakauka. Mukami alimwambia mumewe kwa simu kwamba baba siku hizi ametulia, hasumbui.

Siku zilikuwa za joto lile ambalo hata mbuzi hukaa kwenye vivuli vya kuta. Mukami alimkuta alasiri, alipompelekea uji. Alikuwa ameteleza kutoka kwenye mto, kichwa kimebanwa kati ya godoro na ukuta, shingo imekunjika, na mwili umeshapoa. Rimoti ilikuwa bado mkononi, dole gumba juu yake. TV ilikuwa inatangaza sabuni.

Tulizika, tukachanga, tukaimba, kila mtu akasema mzee amepumzika. Nangiro alifika mazishi yamekwisha, akakaa kando ya kaburi bila kusema na mtu, na hakuna aliyemuuliza neno. Nadhani alikuwa amemaliza Kiswahili chake.

Baadaye Mukami aliamua TV ikae kibandani, wateja watazame mpira. Ekiru aliipachika juu karibu na paa, ambako mkono haufiki. Kwa hiyo Mukami akaja barazani na ile rimoti.

"Nirudishie ile ya kuzima," alimwambia Kiende. "Siku hizi hakuna mtu wa kuilalia."

Walikuwa wanaongea Kimeru, wao kwa wao, kama kawaida yao. Mimi nimekaa nao miaka ya kutosha kukielewa. Kiende alimpa pole, akafungua rimoti, na bado alikuwa anaongea alipoigeuza ile raba kwenye mwanga. Kisha akaacha kuongea. Niligeuka kumtazama kwa sababu ya huo ukimya.

Raba ile aliiweka mwenyewe, mpya. Madoa yote meusi yalikuwa kama alivyoyaacha, yanang'aa. La kitufe cha kuzima halikuwepo. Lilikuwa limesagika lote, na raba yenyewe imetoboka, tundu la kupitisha njiti ya kiberiti. Kitufe kisichotuma kitu, kilichofutwa somo, kilikuwa kimebonyezwa mpaka kikafa.

"Imeharibika?" Mukami akauliza.

"Hii moja tu. Ya kuzima."

"Ajabu. Na hiyo ndiyo haikuwa inafanya kazi."

Kiende aliweka raba mezani taratibu. "Mukami, nani alikuwa anazima?"

Kwa Kimeru huwezi kujificha kwenye neno hilo. Mtu ana lake na kitu kina lake, na wote wawili wamelelewa katika lugha hiyo. Mukami alifungua mdomo kujibu kwamba ni TV, nikaona jibu limegoma kutoka.

"TV ikinyamaza," Kiende aliuliza, "wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naenda kuiwasha."

"Halafu?"

"Halafu nini? Si nimeshafika. Namgeuza. Nampa maji. Kama amelowa nambadilisha, kama ameteleza nam..."

Pale kwa Molu mashine ya kunyoa ilikuwa inanguruma, na mtu akanisimamia mbele akiuliza ndara za mtoto.

Kiende alikuwa analia bila kujifuta. Akasema kwa Kiswahili, polepole, akirudia maneno ya yule mzee wa Kipsing kama yalivyokuwa, "Inazima. Inataka mtu."

Mukami aliichukua ile raba, akaweka dole gumba lake juu ya tundu.

"Mimi nilikuwa naenda," alisema. "Kiende, wewe unajua. Kila alipozima, nilikuwa naenda."